Tupeane uzoefu: ushawahi kumgeuka rafiki mchezoni?

MwanaKibokoni

Assalaam alaykum jamani. Nina jambo lanikereketa tangu Jumamosi, nimeona afadhali nilitoe hapa kwa wanaocheza michezo ya mezani. Wa bao, wa karata, wa dhumna, karibuni nyote, ila kisa changu ni cha Diplomacy.

Kwa asiyeujua: ni mchezo wa ramani ya Ulaya ya mwaka 1901. Aliubuni Mmarekani, Allan Calhamer, mwaka 1954, ukaanza kuuzwa 1959. Wachezaji saba, dola saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Mkishapiga kura ya nani ashike dola gani, bahati imekwisha hapo. Hakuna dadu. Ramani ina vituo 34, yaani mahali pa kuteka na kushikilia, anayefikisha 18 ndiye mshindi. Majeshi yote yana nguvu sawa, kwa hivyo peke yako hufiki mbali. Lazima mwenzio aandike kwenye karatasi yake kwamba jeshi lake lakusaidia wewe. Mwazungumza, mwajitenga wawili wawili, mwapatana. Kisha kila mtu aandika amri zake kwa siri, na karatasi zote zasomwa pamoja. Hapo ndipo wajua nani alikuwa nawe. Kila mwaka una zamu mbili, na sisi kwetu twaziita masika na vuli.

Tulicheza Mji wa Kale hapa Mombasa, ghorofani kwa mmoja wetu. Mimi nikaangukia Italia, na rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa twasoma juzuu amma pamoja, akaangukia Austria. Wachezaji wajua maana yake. Venice ni ya Italia, Trieste ni ya Austria, na zimegusana ukuta kwa ukuta kama nyumba za mtaa wetu. Hao wawili ama waaminiane tangu siku ya kwanza ama wamalizane. Tukaaminiana. Miaka mitatu ya mchezo, hakuna aliyegusa cha mwenziwe, kila mmoja na vituo vyake sita.

Vuli ya 1904, kabla ya kuandika, akanivuta ngazini. Tulikuwa tumekubaliana jeshi langu la Tyrolia liingie Munich ya Mjerumani na lake la Bohemia lilisaidie. Akaniuliza, hilo jeshi la Venice lafanya nini pale? Nikamwambia lalinda, Mfaransa yuko Piedmont. Akanitazama. Nikasema, "Wallahi yakhe, siingii Trieste." Hakuniomba niape. Niliapa mwenyewe, na wakati ule ilikuwa kweli.

Nikarudi kuketi, nikaiangalia ramani. Trieste tupu. Vienna, mji wake mwingine, tupu. Majeshi yake yote yalikuwa yamekwenda mashariki kumzuia Mrusi, na hilo moja liko Bohemia kwa ajili yangu. Nikaandika mistari miwili: Venice kwenda Trieste, Tyrolia kwenda Vienna. Mkono wanitetemeka.

Karatasi yake ilisomwa kabla ya yangu. Mstari wa tatu: jeshi la Bohemia lisaidie jeshi la Italia kutoka Tyrolia kwenda Munich. Hati yake naijua, aandika kwa mkono wa kushoto na wino wote humtapakaa kiganjani. Kisha ikasomwa yangu. Mezani hapakuwa na sauti, kikombe cha kahawa tu mtu akikiweka chini.

Hakugomba. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa kanzu, akacheza mpaka mwisho bila kunisemesha. Mimi nikapanda kutoka sita hadi nane, na kufika 1907 Mturuki alikuwa amenirudisha kwenye vitano, kwa sababu ukuta uliokuwa ukinikinga naye nilikuwa nimeubomoa kwa mkono wangu. Hilo silijali sana. Nimempigia rafiki yangu simu Jumapili na jana. Hashiki.

Waliopitia hili, mlifanyaje?

Wakala wa Kilindini

Pole ndugu. Mimi nipo upande wa pili, nilikuwa mgeukwa.

Nacheza kwa intaneti na watu nisiowajua sura. Si jambo jipya, tangu 1963 watu walikuwa wakiucheza kwa barua za posta, zamu moja yachukua wiki. Kwetu sisi zamu ni siku moja. Nilikuwa Urusi, mwenzangu Uturuki, na tulipatana Bahari Nyeusi asiingie mtu. Kila usiku nikirudi kazini nakuta barua yake ndefu, maswali madogo madogo: waonaje Rumania, tumpe Mwaustria muda gani, na je nikilihamisha hili utaona vibaya? Wiki tatu hivyo.

Halafu barua zikafupika. "Sawa." "Kama ulivyosema." Nikafurahi, nikadhani sasa ameniamini kabisa hana haja ya kuuliza. Zamu iliyofuata manowari yake iko Bahari Nyeusi, jeshi lake liko Armenia, na mji wangu wa Sevastopol sina tena.

Na kazi yangu ilitakiwa inifundishe. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kontena ikichelewa siku moja, mwenye mali anipigia mara kumi, anigombeza, ataka kujua karatasi iko meza gani. Siku anayonyamaza, ujue ashapata wakala mwingine. Tangu hapo mwenzangu akiacha kuniuliza, mimi ndiye namuuliza, waziwazi: kuna nini? Mara nyingine hilo swali peke yake lamrudisha mtu. Nimeliona likifanya kazi mara mbili.

Yule Mturuki aliniandikia baada ya mchezo. Hakusema "ni mchezo tu". Alinieleza zamu kwa zamu alivyofikiri, na mahali ambapo mimi nilimtia hofu bila kujua: nilijenga jeshi Sevastopol wakati wa kujenga, nikasahau kumwambia ni la Mwaustria. Nikamwelewa. Mpaka leo twaandikiana, na mamangu alipolazwa mwaka jana alikuwa akiniulizia hali yake kila siku. Kwa hivyo wewe mweleze mwenzio. Usimwombe radhi nusu nusu.

Babu wa Bondeni

Mwanangu, mchezo wenu siujui lakini nimekufahamu. Kuingia mji wa mwenzio kumeruhusiwa, kila aliyeketi pale alilijua na alikubali. Kiapo hakikuwa cha mchezo. Wewe ndiye uliyekileta.

Nikupe kisa. Barazani kwetu zamani twacheza karata wawili kwa wawili, kila siku baada ya magharibi. Jamaa yetu mmoja alishukiwa kwamba amekata kwa turufu ilhali ana karata ya rangi iliyochezwa. Akaapa wallahi hana. Mchezo ukaendelea, mwisho wa mkono ile karata ikatoka mkononi mwake, watu kumi waiona. Hakuna aliyemtukana. Tulimwambia kaa, changanya, tuendelee. Akainuka, akavaa makubadhi, akaenda zake. Kesho yake hakuja. Tulimpelekea mtu, hakuja. Kila mmoja wetu alisema atakuja akiwa tayari, tumpe muda, na muda wenyewe ukawa miaka. Tulimzika bila ya yeye kurudi kuketi nasi.

Tangu siku hizo baraza ina sharti: kiapo chaachwa mlangoni pamoja na viatu. Atakayesema wallahi kwa ajili ya karata, mkono ule wafutwa, hata awe asema kweli.

Wewe una mambo mawili. La kwanza ni baina yako na Mola wako. Kafara ya kiapo imetajwa katika Suratul Maida: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa; asiyeweza hufunga siku tatu. Lakini usinichukue mimi, nenda kwa shekhe umweleze ulivyoapa na ulivyokusudia, akwambie la kwako. La pili ni la mwenzio. Asiposhika simu, una miguu. Kutoka Kibokoni hata ukienda Tudor ni mwendo wa kutembea.

Bint Likoni

Langu fupi. Nilicheza na mume wangu, yeye Uingereza mimi Ufaransa, tukapatana ile bahari ya katikati yetu isiingiwe. Akaingia. Kupoteza kituo changu cha Brest hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba aliniambia "we niachie mimi", na hayo ndiyo maneno anayoniambia nyumbani kuhusu kodi, karo, na dawa za mtoto. Usiku kwenye feri nililia.

Nilimwambia. Sasa mezani anidanganye atakavyo, ila kwa maneno mengine. Ameshika.

Bi Mwalimu

Nimesoma yote na nimeguswa. Mimi nafundisha historia sekondari na mchezo huu nautumia baada ya masomo, wanafunzi kumi na wanne, wawili kwa kila dola. Nilianza kwa sababu watoto walikuwa wakikariri miungano ya kabla ya Vita vya Kwanza kama namba za simu. Italia ilifunga mkataba na Ujerumani na Austria mwaka 1882. Mwezi wa Mei 1915 ikaingia vitani dhidi ya Austria hiyo hiyo. Wakisoma kitabuni huandika na kusahau. Wakicheza, mtoto aliyeshika Austria anijia na macho mekundu, "Mwalimu, walituahidi!" Hapo ndipo 1915 yaingia.

Na hatuna haja ya kwenda Ulaya. Huwapeleka Ngome, hiyo Fort Jesus, twakaa chini ya ukuta nawasimulia. Vasco da Gama alipofika 1498 Mombasa ilimkataa na Malindi ikampokea, kwa kuwa Malindi ilitaka mwenza dhidi yetu sisi. Wareno wakaanza kujenga ngome hii 1593, na mfalme wa Malindi wakamweka atawale Mombasa. Ukoo uliowapokea, ukoo waliouweka wenyewe. Kisha wakagombana na mfalme Hassan mpaka akauawa, na mwanawe Yusuf wakamchukua Goa, Bara Hindi, kumlea kwa dini yao na jina lao. Wakamrudisha awe mfalme. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan aliingia humu ndani na watu wake akaitwaa ngome kutoka kwa waliomlea. Kila mwaka nawauliza wanafunzi: ni nani aliyemgeuka nani? Hatujawahi kukubaliana, na napenda hivyo.

Lakini nilikosea jambo, na ndilo nalotaka kumwambia MwanaKibokoni. Mwaka wa kwanza mchezo ulipokwisha nilikusanya ramani nikawaambia wakimbilie matatu. Wasichana wawili waliokuwa wakikaa dawati moja walihamishana, hawakusemezana muhula mzima. Mimi nilidhani ni mambo ya watoto. Ilikuja kuonekana mmoja aliamini kwamba mwenziwe alipanga kumgeuka tangu mwanzo, tangu siku waliyochora ramani pamoja kwenye daftari, kwamba hata siku ile alikuwa akimchezea. Haikuwa hivyo. Yule mwingine aliamua dakika tano kabla ya kuandika. Hakuna aliyewapa nafasi ya kuambizana.

Sasa nabakisha nusu saa. Twarudi kwenye amri zote, na kila aliyevunja ahadi aulizwa swali moja na aliyemvunjia: uliamua lini? Lazima ajibu kweli. Mgeukwa apata kujua ni kipi kilikuwa cha kweli na ni wapi kilikoma kuwa kweli. Nimeona nyuso zikilegea hapo hapo. Huyo rafiki yako, nadhani siku zote hizi arudi nyuma zamu kwa zamu, ngazi kwa ngazi, hajui aanze kukutilia shaka wapi. Pengine amefika hata chuoni.

MwanaKibokoni

Bi Mwalimu, hilo la chuoni limenikata maini. Sikulifikiria. Babu, shukrani, nakwenda.

MwanaKibokoni

Narudi na habari, maana mlinishika mkono nyote.

Nilikwenda kwa shekhe kwanza, nikamweleza mpaka ngazi. Akaniuliza maswali mawili matatu kuhusu nia yangu, akasema nilishe kumi. Kisha baada ya laasiri nikaenda kwa mwenzangu. Mamake ndiye aliyenifungulia, akaniambia, "Ingia mwanangu, siku nyingi." Hakuwa ameambiwa kitu.

Tukakaa ukumbini. Nikamweleza kama Wakala alivyosema, mwanzo mpaka mwisho, nilipoona Vienna tupu, mistari miwili niliyoandika, nilivyomsikia akisomewa Munich. Akanyamaza sana. Halafu akaniuliza swali la Bi Mwalimu, na hapa hajawahi kupita.

"Pale ngazini, ulikuwa ushaamua?"

Kiapo kilinifika ulimini, nikakimeza. Nikasema, "La."

Akainuka akaenda ndani. Nilidhani ndiyo basi. Akarudi na ile karatasi. Kanzu ilifuliwa nayo mfukoni, imekuwa kidonge kigumu, cha rangi ya samawati kwa wino. Akakiweka juu ya meza baina yetu. Akasema alikuwa amelala siku nne akifikiri kwamba nilipomwambia wallahi nilikuwa namcheka moyoni. Nikamwambia sikucheka. Akasema, "Nimesikia."

Mamake alikuwa jikoni na masikio yote. Akatoka na mwiko mkononi, akasema hao masikini kumi atawapikia yeye pilau, mimi nilete mchele na nyama, na mwanawe abebe masinia. Twapeleka Ijumaa baada ya swala. Mchezo mwingine ni mwisho wa mwezi, kura ya dola bado hatujapiga, na kwenye mlango wa ile ghorofa mtu ashabandika kikaratasi kwa mkono wa kushoto: viatu na viapo, hapa.