Kamati ya jamii ishiriki vipi kuendesha chanjo, isiwe ya kutangaza tu?

Mhudumu_Zahanati
Wakuu, habari za kazi. Mwaka uliopita kituo kilichanja penta (sindano moja inayokinga magonjwa matano) dozi ya kwanza watoto 312, ya tatu 231. Chanjo hazikukatika na friji ni zima. Kamati ya afya ipo, ila huitwa siku za kampeni tu, izunguke na kipaza sauti. Tunataka iingie kwenye uendeshaji wenyewe. Tuanzie wapi, na kazi zipi haipaswi kupewa?

Mratibu_wa_Chanjo
Mkuu, 312 kutoa 231 ni 81, walioanza wasimalize. Gawa kwa 312, ni asilimia 26. Ikishavuka 10 ujue kuna tatizo. Lakini hao walikuja mara ya kwanza, maana yake wengi wao hawapingi chanjo. Kuna kitu kiliwazuia kati ya dozi ya wiki ya 6 na ile ya wiki ya 14 tangu kuzaliwa, na kipaza sauti hakiwezi kukiondoa.

Anzeni na ramani. Kaeni na viongozi wa vitongoji, wakunga wa jadi na akina mama wenyewe, mchore kila kitongoji kwenye karatasi kubwa, pamoja na kambi za vibarua, wafugaji wanaohamahama na nyumba za kupanga. Andikeni idadi ya watoto wa chini ya mwaka, kisha linganisheni na rejista. Mara nyingi pengo huwa limerundikana sehemu mbili tatu, na huenda mojawapo haimo kabisa kwenye mpango wa kituo.

Baada ya hapo kamati ndiyo ichague siku, saa na mahali pa huduma ya mkoba, yaani wahudumu kutoka kituoni kwenda kuchanja vitongojini. Hapa ndipo vituo vingi hukosea: ratiba inapangwa ofisini, kamati inaletewa isaini, kumbe siku hiyo ni ya gulio. Na ikishachaguliwa iheshimiwe. Mama aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni akakuta mti mtupu, mara ya tatu haji. Mkikwama, mjumbe apigiwe simu jana yake, siyo asubuhi ileile.

Nesi_Rejista
Naongezea ufuatiliaji. Tafuteni kisanduku chenye vigawanyo 12, kimoja kwa kila mwezi. Nakala ya kadi ya mtoto inakaa kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Akichanjwa inasogezwa mbele. Kadi zilizobaki mwezi ukiisha ndio watoro wenu.

Mhudumu wa jamii apewe majina ya kitongoji chake tu, matano hadi kumi. Ukimpa 60 hatamaliza hata robo. Kila jina liwe na mlezi, chanjo anayodaiwa na tarehe ya mkoba ujao. Orodha irudi na majibu: amechanjwa kwingine, amehama, amefariki, au mlezi anakataa na sababu ni hii. Msibandike majina ukutani, ni kuwaaibisha watu.

Na tafadhali, kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Najua kina dozi 10 na kikishachanganywa hakizidi muda wa saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Lakini mhudumu amehangaika kumleta huyo mama, nanyi mnamwambia "rudi Alhamisi wakiwa wengi"? Mmempoteza mtoto, na mhudumu naye hatakuwa na uso wa kumwita mwingine.

Fundi_Mnyororo_Baridi
Kuchoma sindano na kuchanganya dawa ni kazi ya aliyesomea. Wanajamii waweza kupanga foleni, kupima uzito, kuandika, hata kubeba kasha la chanjo, ila waelekezwe. Pakiti za barafu zikitoka friza ziachwe nje hadi ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Zikiingia kasheni zikiwa jiwe, penta inaganda na kuharibika, na kibandiko cha kichupa hakitakuonyesha: kile husoma joto, si kuganda.

Mhudumu_Zahanati
Asanteni sana. Na posho?

Mratibu_wa_Chanjo
Semeni ukweli kabla ya kazi kuanza: nauli ipo au haipo, ni kiasi gani, italipwa lini. Ahadi hewa ndiyo inayoua kamati hizi. Kama fedha ni kidogo, punguzeni maeneo ya kutembelea, msipunguze malipo katikati ya njia.