Mnasoma nusu ya komenti, halafu mnatukana nzima

Wakuu, leo nimekuja kutoa povu. Mwenye haraka apite tu, uzi ni mrefu na sitaufupisha.

Juzi usiku niliandika komenti ya sentensi mbili. Naziweka hapa zilivyo, asije mtu akadai nimezirekebisha baada ya kubanwa:

"Tarehe 25 Februari 2022 Urusi ilipiga kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama kuzuia azimio la kulaani uvamizi wake Ukraine. Tarehe 8 Desemba 2023 Marekani nayo ilipiga kura ya turufu kuzuia azimio la kusitisha mapigano Gaza."

Basi. Tusi hamna, maoni hamna, hata alama ya mshangao sikuweka.

Dakika ya nne akaja wa kwanza: mimi kibaraka wa Magharibi, naionea Urusi wivu. Dakika ya tisa akaja wa pili: mimi chawa wa Putin, nimetumwa kuichafua Marekani. Komenti ileile! Mmoja kashika sentensi ya kwanza, mwingine kashika ya pili, wananivuta kila mtu upande wake. Nikawajibu kistaarabu kabisa, "Ndugu, hebu soma na sentensi nyingine iliyopo hapohapo." Wa kwanza akasema hana muda wa kusoma propaganda ndefu. Ndefu! Wa pili akatuma vikaragosi vya kucheka, vitatu.

Kilichoniacha hoi ni hiki: wale wawili hawakugusana kabisa. Wanapingana kama mbingu na ardhi, lakini kila mmoja alimpa mwenzie laiki, kisa wote wananishambulia mimi.

Na mnajua nilichokuwa nataka tukizungumze? Ile siku ya Februari kura za ndiyo zilikuwa 11. Ile siku ya Desemba zilikuwa 13. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wajumbe 15, azimio linahitaji kura 9 lipite, na mara zote mbili likaanguka kwa mkono mmoja ulionyooshwa. Nilitaka tuuongelee huo mkono, yaani kura ya turufu, ambayo wanayo nchi tano tu, zile kubwa zilizoshinda Vita ya Pili ya Dunia. Kwamba ushindi wa vita iliyokwisha mwaka 1945 bado unaamua leo nani alaaniwe na nani asiguswe. Hapo pana mjadala wa kutosha usiku mzima. Badala yake nikatumia usiku mzima kueleza kwamba sijatumwa na mtu.

Kuna swali moja nimelichoka kuliko yote: "Kwani wewe uko upande gani?" Linaulizwa kabla ya kitu chochote. Hujamaliza kusema nini kimetokea, wapi, lini, tayari unaulizwa jezi. Ukisema wa huku, kila utakachoandika baada ya hapo ni uongo kwa wa kule. Ukisema huna upande, basi wewe ndiye mnafiki namba moja. Mtu anashangilia kombora kuangukia jengo la watu kama anashangilia goli, na kesho yake kombora likitua upande anaoupenda anageuka mwanasheria, anataja mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita.

Mikataba yenyewe, akitaja! Wengi hata mahakama hawazitofautishi. Na hapa niseme ukweli wangu, maana najua kuna watu humu wana kumbukumbu ya tembo. Januari 2024 mimi mwenyewe niliandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba Afrika Kusini imeishtaki Israel ICC. Mwanachama mmoja akanisahihisha kwa mstari mmoja tu: kesi ile iko ICJ, ICJ inasikiliza nchi kwa nchi, ICC inashughulika na watu mmoja mmoja, zote mbili ziko The Hague ndiyo maana unachanganya. Alikuwa sahihi asilimia mia. Nilifanya nini? Sikushukuru. Nilikaa mpaka saa nane usiku nafukua komenti zake za zamani natafuta pa kumkamatia. Simu imepata moto mkononi. Sikupata kitu. Nikazima data nikalala na hasira zangu. Miezi kadhaa baadaye, ICC ilipotoa hati za kukamatwa kwa Netanyahu na Gallant wa Israel Novemba 2024, nikajikuta namfundisha mtu mwingine tofauti ileile, kwa maneno yaleyale ya yule jamaa, kana kwamba nilizaliwa nayo. Kwa hiyo sisemi mimi ni malaika. Ila angalau nilisoma alichoandika.

Sasa njooni kwenye picha.

Mmoja aliweka picha ya mlipuko. Wingu kubwa jeupe la duara, moshi mwekundu wa kahawia unapanda katikati, bandari pembeni. Maelezo yake: shambulio la wiki hii, akataja mji wa vita anayoifuatilia. Laiki zinamiminika. Mimi nikaikuza. Pembeni ya moshi kuna maghala ya nafaka, marefu, meupe, yamebanana kama vidole vya mkono. Nikajua palepale. Hiyo ni Beirut, 4 Agosti 2020, amonia nitrati tani 2,750 zilizoachwa ghalani bandarini kwa miaka. Walikufa zaidi ya watu 200. Hapakuwa na vita siku hiyo. Na kama mtu anataka ushahidi zaidi, maghala hayo kwenye picha yamesimama yote, wakati upande wake wa kaskazini ulishaporomoka Julai na Agosti 2022. Picha haiwezi kuwa ya wiki hii hata kwa miujiza.

Nikaandika yote hayo, bila kejeli. Naomba msome jibu lake taratibu: "Hata kama si ya huko, inaonyesha hali halisi ya huko."

Yaani marehemu wa Beirut wanaazimwa. Wamekufa kwa uzembe wa watu wengine kabisa, leo wanabebeshwa vita isiyowahusu ili mtu apate laiki. Na si picha tu, kuna video zinazosambaa kila vita ikianza, ndege inatunguliwa usiku, risasi zinapaa kama cheche, kumbe ni mchezo wa kompyuta, Arma 3. Waliotengeneza mchezo wenyewe wameshatoa tangazo kueleza namna ya kuzitambua. Mtu umemwonyesha tangazo, anakwambia "hao nao wamelipwa." Sawa.

Halafu tabianchi. Hapa ndipo huwa natamani kurusha simu.

Asubuhi ikiwa na baridi kidogo, lazima atokee mmoja: "Hilo joto la dunia liko wapi?" Ndugu yangu, neno lenyewe linakujibu. Tabia. Nchi. Jirani yako mpole akikasirika Jumanne moja, unasema tabia yake ni ukali? Husemi. Unasema leo kaamka vibaya. Ya leo ni hali ya hewa. Tabia utaijua ukikaa naye miaka 30. Kiswahili kimetupa neno zuri hivi, linajieleza lenyewe bila mwalimu, na bado tunasoma nusu yake.

Anakuja mwingine na hoja ya jina: zamani walisema ongezeko la joto, lilipowashinda wakabadilisha wakaita mabadiliko ya tabianchi. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi, IPCC, liliundwa mwaka 1988 likiwa na hayo maneno kwenye jina lake. Hakuna aliyebadilisha chochote. Na hesabu yenyewe ya kwamba hewa ukaa ikiongezeka dunia inapata joto aliipiga Msweden Svante Arrhenius mwaka 1896, kabla hata ndege ya injini haijaruka. Wakati huo hewa ukaa ilikuwa chini ya sehemu 300 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Hao wanaodaiwa kutunga uongo kwa ajili ya ruzuku wangekuwa wameanza mapema sana.

"Ni jua." Sawa, tuseme ni jua. Jua likizidi, anga yote ingepata joto, juu na chini. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto na tabaka la juu yake linapoa. Blanketi ndilo hufanya hivyo, linashika joto chini lisipande. Nimeieleza hii mara ngapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi akasema "hapo sikuwa najua" au hata "hapo hujanishawishi kwa sababu hii". Wanahamia volkano.

Kuhusu volkano, wiki iliyopita nilikutana na kituko. Siku hizi mtu habishani mwenyewe, anaituma akili mnemba, anakopi, anabandika. Jamaa kanibandikia aya nane kuthibitisha kwamba joto linatokana na volkano. Nikazisoma zote nane, mimi mjinga. Aya ya tano inasema volkano zote duniani kwa pamoja hazifikishi hata asilimia 1 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu kwa mwaka. Nikamnukulia aya yake. Akajibu: "Usinipotoshee maneno yangu." Maneno yako au ya nani, mkuu? Hata wewe hukuyasoma!

Na wale wa upande wangu msijifiche, nawaona. Mwaka 2024 ulipotangazwa kuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda, mkajaza humu "Mkataba wa Paris umekufa, tumekwisha". Kikomo cha nyuzi 1.5 kilichowekwa kwenye mkataba huo mwaka 2015 kinapimwa kwa wastani wa miongo, si mwaka mmoja. Ni kosa lilelile la yule wa baridi ya asubuhi, mmeligeuza tu nje ndani. Na ile ya "dunia inaisha 2030"? Ripoti ya IPCC ya 2018 ilisema ili tubaki kwenye 1.5, utoaji wa hewa ukaa ungepaswa kushuka kwa karibu asilimia 45 kufikia 2030 ukilinganisha na 2010. Hakuna mahali imesema kiama. Mnampa mpinzani fimbo ya kutuchapia, 2031 atatucheka wote.

Sitaki mnielewe vibaya, ubishi naupenda. Nipeni ubishi wa kweli. Chukueni NATO, ule muungano wa kijeshi wa Magharibi: Februari 1990 James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, kwamba NATO haitasogea mashariki, na haikuandikwa kwenye mkataba wowote. Mwaka 1994 kule Budapest Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizokuwa kwenye ardhi yake, Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuheshimu mipaka yake, na hiyo iliandikwa na kusainiwa. Moja ni neno la mdomo, nyingine ni karatasi, na zote mbili leo ni majivu. Sasa tubishane: neno la mdomo la mkubwa lina uzito gani? Karatasi je? Nani alianza? Mnaweza kunishinda hapo, sina uhakika wa kila kitu. Lakini hamji hapo. Mnakuja na "umetumwa".

La mwisho ndilo limenifanya nifungue uzi.

Ukiandika Ukraine, dakika mbili tu: "Na Sudan mbona husemi?" Ukiandika Gaza: "Na Sudan je, wale si watu?" Swali zuri. Linauma kwa sababu ni zuri. Basi nikaona wenye swali wako wengi, watu wana kiu. Nikakaa siku mbili nikaandika uzi wa Sudan peke yake. Vita ilivyolipuka Khartoum 15 Aprili 2023, Burhan na jeshi lake upande huu, Hemedti na wapiganaji wake wa RSF upande ule, majenerali wawili waliofanya mapinduzi pamoja 2021 kisha wakageukiana. Zaidi ya watu milioni 10 nje ya makazi yao. Baa la njaa lililothibitishwa Agosti 2024 kwenye Zamzam, kambi ya waliokimbia makazi yao. Mji wa El Fasher ulivyozingirwa zaidi ya mwaka mpaka ukaanguka mikononi mwa RSF Oktoba 2025. Nikawataja kwa ID zao, kwa heshima, wote waliowahi kuniuliza. Walikuwa kumi na moja. Nikaandika: wakuu, ile Sudan mliyoniuliza hii hapa.

Kimya. Nikasubiri siku nzima. Siku ya pili pia. ID zao naziona zinawaka kijani, wako hewani, wako kwenye nyuzi nyingine wanaulizana nani yuko upande gani.

Mpaka naandika hapa uzi ule una majibu matatu. La kwanza ni nukta tu, mtu kaweka alama eti atarudi kusoma. La pili linasema nimeandika sana, nifupishe. La tatu liliingia jana usiku, nikalifungua kwa hamu, linatoka kwa mmoja wa wale kumi na moja:

"Na Ukraine mbona husemi?"