Naomba ushauri: pini zenye kutu kwenye jarida la zamani

Habari za leo wadau. Nakusanya majarida ya mazimwi ya Marekani. Mwaka mzima nimehangaika kutafuta Famous Monsters of Filmland namba 70 hadi 79, kumbe hazikuwahi kuchapwa! Mchapishaji James Warren aliruka kutoka 69 hadi 80, akajumlisha kwenye hesabu hiyo matoleo 10 ya Monster World, jarida lake jingine lililoishi 1964 hadi 1966 tu. Nicheke au nilie?

Sasa nimepata matoleo mawili ya hiyo Monster World. Pini za katikati zimeota kutu, nayo imeshaanza kula karatasi. Jalada la moja linaning'inia upande. Nizing'oe au niziache? Fundi mmoja kaniambia nibandike kwa gundi, moyo umesita. Nikija kuuza, bei haitaanguka?