Prado 1GR ya petroli, Itigi hadi Rungwa: tenki la pili au madumu?

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri.

Gari ni Prado 120, injini ya 1GR (V6 ya lita 4), tenki la lita 87. Njia ni Dodoma, Manyoni, Itigi, Rungwa na kurudi, pamoja na mizunguko ya porini. Baada ya Itigi sitaki kutegemea petroli ya chupa.

Kwa kujaza hadi juu na kugawa kilomita, lami inanipa 7.5 kwa lita kwenye mwendo wa 80. Mchangani inashuka hadi 4.5, yaani tenki zima halifiki kilomita 400. (Nilitoka matairi ya 265/65R17 kwenda 265/70R17, makubwa kidogo, hivyo odomita inasoma pungufu kama asilimia 3, nimeshalipigia hesabu hilo.)

Nimebadilisha plagi na ea klina, nimesafisha sensa ya hewa, nimetoa keria. Mchangani nashusha upepo toka psi 36 hadi 22.

Maswali mawili:

Madumu matatu ya chuma ya lita 20, ambayo ni kama kilo 45 za petroli tupu, yafungwe wapi? Ndani ya kabini sitaki, ule mvuke ni hatari. Au nifunge tu tenki la pili?

Na 4.5 mchangani ni kawaida kwa 1GR, au nipime oksijeni sensa (ile ya kwenye ekzosi)?