Zana za "rahisi kwa kila mtu" za kuunda wahusika pepe zinatupotezea muda

Ndugu wanajamvi, nimevumilia vya kutosha. Kwa majuma matatu nimehangaika na programu inayojinadi kwamba mtu yeyote, hata asiyejua kuandika msimbo, anaweza kuunda mhusika pepe (kiumbe wa ndani ya kompyuta, kama wale wa michezo ya video) anayejiamulia mambo, kwa kuburuta visanduku na kuviunganisha kwa mishale. Visanduku vinaburutika vizuri, sikatai. Balaa huanza pale mhusika anapokosea.

Mhusika wangu, mlinzi, alipaswa kuzunguka ua, kumfuata mgeni akimwona, na kurudi zamuni mgeni akitoweka. Basi. Lakini kila alipofika mlangoni aligeuka kushoto, akageuka kulia, akageuka kushoto tena, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, mpaka nilipomzima. Visanduku vyote vilikuwa vya kijani, maana yake hakuna kosa. Nilibahatisha siku mbili nzima kabla ya kung'amua kwamba masharti mawili, "namwona mgeni" na "simwoni mgeni", yalikuwa yakipokezana mara kadhaa kwa sekunde kwa sababu ubao wa mlango ulimkinga mgeni na kumfichua kila mlinzi aliposogea, na kwamba dawa ilikuwa kumpa mlinzi kumbukumbu ya sekunde 2 kabla hajakata tamaa. Mpangilio huo niliukuta ndani ya menyu ya tatu, chini ya kichwa "Mengineyo". Mengineyo!

Wala fani hii haikuzaliwa jana. Mwaka 1987 Craig Reynolds, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, alionyesha kwamba kundi la ndege wa kompyuta huruka kwa kanuni tatu tu: usimgonge jirani, fuata mwelekeo wa wenzako, usiachane na kundi. Miti ya tabia, yaani mpangilio wenye matawi wa masharti na vitendo vya mhusika, ambayo ndiyo hasa visanduku hivi vinavyoiga, ilitumika katika mchezo wa video wa Halo 2 mwaka 2004. Kwa muda wote huo, je, imeshindikana kumwonyesha mtumiaji ni sharti gani limeshinda, mhusika anadhani anaona nini, na kumruhusu arudishe nyuma sekunde kumi ili atazame uamuzi ulipopotoka?

Niliwaandikia wahudumu wa programu hiyo nikiuliza hayo kwa adabu zote. Jibu lilikuja baada ya siku nne: nijaribu kuandika msimbo mfupi wa kurekodi maamuzi ya mhusika.