Naomba ushauri: njia ipi ya kuweka ramani ya kumbukumbu katika draiva ya Linux kwenye ARM?

Nyegezi_Draiva (mwanzilishi wa uzi):
Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Mwanza. Ninaandika draiva ya Linux ya kipima mwangwi ambacho tunakusudia kukifunga kwenye boti ili kufuatilia makundi ya dagaa katika Ghuba ya Mwanza. Ubao wetu una chipu ya Zynq-7000, yenye FPGA (sehemu ya chipu inayoweza kupangwa upya kufanya kazi maalumu) na prosesa mbili za Cortex-A9, pamoja na RAM ya megabaiti 512. FPGA inakusanya sampuli kutoka chaneli 4, kila chaneli sampuli 250,000 kwa sekunde, na kila sampuli ni baiti 2. Jumla ni takriban megabaiti 2 kwa sekunde, zinazoandikwa kwa DMA (FPGA huandika kwenye RAM moja kwa moja bila kupitia prosesa) kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, ya megabaiti 8. Ninataka programu ya kawaida iione bafa hiyo moja kwa moja; ndiyo maana ya kuweka ramani ya kumbukumbu (mmap).

Nimekutana na remap_pfn_range, vm_insert_page, njia ya kujaza ukurasa (kipande kidogo cha kumbukumbu) pale tu programu inapougusa, na dma_mmap_coherent. Zote zinaelekea kufanya kazi moja, na mafunzo ninayoyasoma hayakubaliani. Nichague ipi, na kwa kigezo gani?

Fundi_Igoma:
Ndugu, kigezo cha kwanza ni asili ya kumbukumbu yenyewe: uliiomba kwa njia gani? Ukiipata kwa dma_alloc_coherent, mwenzake ni dma_mmap_coherent, wala usijaribu kukokotoa anwani halisi kwa virt_to_phys na kuipeleka kwa remap_pfn_range. Kwenye ubao wako huenda ikakubali, lakini draiva hiyo haitahama salama. Chukua Raspberry Pi 2 na 3: vifaa vya ndani ya chipu huiona RAM kuanzia 0xC0000000, ilhali prosesa huiona kuanzia 0, kwa hiyo anwani ya DMA na anwani halisi ni vitu viwili tofauti.

Ukiipata kwa vmalloc_user, kurasa zake zimetawanyika katika RAM, hivyo tumia remap_vmalloc_range. Kurasa ulizoziomba mojamoja zinafaa vm_insert_page. Njia ya kujaza ukurasa unapoguswa inafaa pale bafa ni kubwa na programu hugusa sehemu ndogo tu; wewe utasoma bafa yote, kwa hiyo haikupi faida.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa nguvu: remap_pfn_range haijui ukubwa wa bafa yako. Usipolinganisha urefu ulioombwa na ukubwa halisi, programu yoyote yenye ruhusa ya kufungua kifaa hicho itasoma kumbukumbu isiyo yake. Hilo ni tundu la usalama.

Kerneli_Bukoba:
Ninakubaliana na ndugu wa Igoma kuhusu asili ya kumbukumbu, lakini naomba tuulize kwanza kama mmap inahitajika. Megabaiti 2 kwa sekunde ni mzigo mdogo sana. Prosesa hiyo inaweza kunakili mara nyingi zaidi ya hapo kwa read ya kawaida, yaani draiva ikiinakilia programu data inapoiomba. Zaidi ya hayo, milango ya HP ya Zynq-7000 (njia ambazo FPGA hupitia kufikia RAM) haioanishwi na kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa), kwa hiyo dma_alloc_coherent itakupa kumbukumbu isiyopita kwenye kashe, na programu ikiisoma kupitia mmap kila usomaji utakwenda hadi kwenye RAM. Je, programu yako inapitia sampuli zilezile mara ngapi?

Nyegezi_Draiva:
Ahsanteni sana. Inazipitia mara kadhaa: kuchuja kelele, kisha kulinganisha na mpigo uliotumwa, kisha kutafuta kilele cha mwangwi. Je, kutumia mlango wa ACP, njia nyingine ya FPGA inayooanishwa na kashe, hakutaondoa tatizo hilo?

Kerneli_Bukoba:
Kutaondoa tatizo la uoanifu, lakini kashe ya L2 (ngazi ya pili) ya chipu hiyo ni kilobaiti 512 tu, na mkondo wa DMA usiokoma utakuwa ukisukuma nje data nyingine za programu. Kwa kazi yako ningegawa bafa katika vipande 8 vya megabaiti 1, kila kimoja kikibeba takriban nusu sekunde ya data. Viombe kwa kmalloc, ambayo kwa kawaida isingekupa megabaiti 8 kwa mkupuo, kisha viandae kwa dma_map_single. Kipande kikijaa, ita dma_sync_single_for_cpu ili prosesa ione data mpya, na read inakili mara moja kwenda kwenye kumbukumbu ya programu, ambako vichujio vitafaidi kashe. Kabla ya kukirudisha kwa FPGA, ita dma_sync_single_for_device. Hatua hii husahaulika mno, na makosa yake huonekana kwa nadra kiasi kwamba mtu huishia kuilaumu FPGA.

Fundi_Igoma:
Ushauri huo ni bora kuliko wangu kwa matumizi haya. Ninaongeza tu kuhusu rejista za FPGA (sehemu ndogo za kuidhibiti): zishughulikie ndani ya draiva kwa ioremap, inayoipa draiva anwani ya kuzifikia, na mipangilio ipite kwa ioctl, wito wa programu wa kutuma amri kwa draiva. Ikilazimu kuziweka wazi kwa programu, vm_iomap_memory hukagua ukubwa wenyewe, ila uweke pgprot_noncached (mpangilio wa kutopita kwenye kashe) kabla ya kuiita.

Nyegezi_Draiva:
Nimeelewa. Nitaanza na vipande 8 na read, rejista zibaki ndani ya draiva, na nitapima mzigo wa prosesa boti ikiwa bado gatini kabla ya kufikiria mmap.