Mkristo akiuliza habari ya ubaguzi ndio tayari amekuwa mtu wa CRT?

Msafiri_wa_Texas:
Wakuu habari za humu. Niko Texas mwaka wa sita sasa, nasali kanisa la kibaptisti karibu na Dallas, wazungu wengi na sisi waafrika wachache. Niseme ukweli hawa watu ni wakarimu, nilivyofika sina hata kitanda wao ndio walikuja na pikapu wakanibebea kitanda na sofa, kwa hiyo sijaja kuwasema vibaya.

Sasa jumatano iliyopita darasa la biblia mwalimu kaleta somo la injili na haki ya kijamii. Kaweka slaidi ina mishale, inaanzia Karl Marx, inaenda kwa wasomi wa Frankfurt 1923 waliofuata mawazo yake, inaishia kwenye hii wanaita CRT, yaani nadharia ya kuchambua ubaguzi wa rangi kwenye sheria na mifumo, akasema ni injili nyingine hiyo. Mimi nimeshika kikombe changu cha kahawa nasikiliza. Nikauliza kaswali kadogo tu, nikasema jirani yangu mzee mmoja mweusi aliniambia baba yake alirudi vita vya pili vya dunia na magwanda ya jeshi, akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba akanyimwa kwa sababu ya rangi, na mtaa aliotaka kununua mikataba ya nyumba imeandika kabisa mweusi asiuziwe. Hiyo ni dhambi ya nani? Ya karani wa benki peke yake?

Kimya. Mwalimu akatabasamu akasema ndugu yangu, swali lako hilo ndilo mlango CRT inapoingilia. Tukafunga kwa sala. Tangu siku hiyo kuna mtu ananitumia video kila asubuhi.

Naombeni kueleweshwa, hii kitu ni nini hasa na mkristo anasimama wapi. Wenye mambo ya Trump na Biden naomba mpite tu.

Mzee_wa_Mezani:
Mkuu pole. Hapo umeingia ugomvi wa watu ulioanza kabla hujafika. Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walianzisha umoja wao 1845 kule Augusta, Georgia, na sababu kubwa ilikuwa wenye watumwa kutaka waruhusiwe kuwa wamisionari. Wakaja kuomba radhi rasmi 1995, yaani miaka 150 baadaye. Sasa 2019 mkutano wao Birmingham ukapitisha azimio namba 9, linasema CRT inaweza kutumika kama kifaa cha uchambuzi tu, chini ya Maandiko, isiwe ndio imani yenyewe. Mimi nikisoma naona ni maneno ya kiasi kabisa, lakini moto uliowaka sio wa kawaida. Novemba 2020 wakuu wa seminari zao sita, yaani vyuo vya kufundisha wachungaji, wote wazungu, wakatoa tamko kwamba CRT haipatani na imani yao. Mwezi uliofuata wachungaji weusi wenye makanisa makubwa, Charlie Dates wa Chicago na Ralph West wa Houston, wakatangaza wanaondoka kwenye umoja huo.

Kwa hiyo mwalimu wako akisikia neno "mfumo" yeye anasikia hiyo vita yote, wewe ulikuwa unauliza habari ya nyumba tu.

Kamau_Eldy:
Wacha nikuwe mbaya kidogo. Si kila mtu anapinga CRT ni mbaguzi, hiyo pia ni uvivu wa kufikiri. Mhubiri Voddie Baucham alikuwa mweusi, Mmarekani, akafundisha theolojia miaka kadhaa huko Lusaka, na alikuwa kati ya wale walitoa tamko la Dallas 2018 kupinga hii mambo. Point yao ni hii, ukigawanya watu kwa wenye kukandamiza na wenye kukandamizwa, basi dhambi inakuwa ya kundi moja na lile lingine linazaliwa safi, na Paulo anasema wote wamefanya dhambi. Hapo mimi nakubaliana nao mia kwa mia. Hata mnyonge ana dhambi zake, ukoo wangu naujua.

Lakini sasa hiyo haijibu swali ya mkopo. Benki ilinyima ama haikunyima? Hapa Kenya 1988 wakati wa kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, kina askofu Gitari na Okullu na Muge walipiga kelele kwa mimbari, wakaambiwa wasichanganye dini na siasa. Hakuna mtu alikuwa amesikia CRT. Hiyo ya kunyamazisha ni wimbo wa zamani, wanabadilisha tu beat.

Mama_Upendo_Tanga:
Mwanangu mimi sio msomi wa hayo ila nimefundisha sunday school miaka mingi. Hebu chukua biblia yako ya kiswahili soma Mathayo 5:6, heri wenye njaa na kiu ya haki. Halafu 6:33, utafuteni kwanza ufalme wake na haki yake. Sisi tukisikia haki tunasikia na ya Mungu na ya shamba la mjane, neno ni hilo hilo. Kiingereza chao nasikia kina maneno mawili, moja la utakatifu na moja la mahakamani, na hapo Mathayo wameweka lile la utakatifu. Labda ndio maana mnapishana, mnasoma mstari mmoja lakini kila mtu anasikia kivyake. Na hao waliokuletea kitanda usiwaache.

Mzee_wa_Mezani:
Mama umepiga msumari. Kigiriki cha Mathayo nacho kina neno moja tu pale, dikaiosune. Ila angalizo dogo, Amosi 5:24 maneno yako mawili, "hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu", na ile ya mahakamani hapo ni hukumu, sio haki. Usije ukajichanganya mbele ya watu wenye slaidi 😂

Msafiri_wa_Texas:
Asanteni sana wakuu, na mama shikamoo. Kamau umenigusa, nilikuwa naanza kuwaona wote ni wabaguzi na sio kweli, aliyeendesha ile pikapu ndiye huyo huyo anayenitumia video. Nimemjibu leo nikamwambia badala ya video twende jumamosi tukanywe chai kwa yule mzee jirani amsimulie mwenyewe. Ameisoma saa nne asubuhi, mpaka sasa hajajibu.

Kamau_Eldy:
Akikuja, mandazi ni juu yako.